Kopo la Maziwa Uani kwa Kahigi

Kahigi wa Isingiro hakuzaliwa kiziwi. Alizaliwa na masikio mazuri, masikio ya mtu aliyekulia ndani ya migomba, ambako mvua husikika kwanza juu ya majani, kisha hushuka taratibu mpaka ikufikie wewe uliye chini. Alipokuwa kijana aliweza kulala kitandani na kujua, kwa mlio peke yake, kama ng'ombe anayekohoa ni wa baba yake au ni wa jirani. Masikio hayo aliyaacha ndani ya mgodi wa bati, mwaka uliofuata kwisha kwa vita vya Hitla, asubuhi moja ambayo yeye mwenyewe hakuikumbuka sawasawa.

Alichokumbuka ni kwamba alikuwa amechuchumaa mbele ya mwamba, tindo mkono mmoja na nyundo mkono mwingine, karibu na utambi wa baruti ambao wote walidhani umezimika. Ukaja weupe. Vumbi lilipotulia, akawaona wenzake wakimkimbilia, midomo wazi, mikono inapunga, viatu vinakanyaga kokoto, na yote hayo yakitendeka kimya kama mambo ya samaki chini ya maji. Akajiona anatabasamu. Alifikiri wanamfanyia mzaha.

Mwili ulipona, ukaacha kovu tu shingoni. Masikio hayakupona. Mahali pa sauti paliingia mvumo mwembamba usiokoma, mfano wa mzinga wa nyuki uliotundikwa mbali, upande wa pili wa kilima. Mvumo huo alilala nao na kuamka nao. Kilichomchosha hakikuwa ukimya, maana ukimya hakuupata. Kilichomchosha ni wale nyuki.

Nyumbani alikuwa na mke wake, Stephania, mwanamke wa Chonyonyo aliyeolewa Isingiro, mrefu, mwenye maneno machache na macho yanayoona kila kitu. Binti yao wa pekee, Adventina, alikuwa ameshaolewa upande wa Nkwenda, kwa hiyo mle ndani walibaki wawili. Stephania hakulia mbele ya mumewe. Alianza tu kusema naye akiwa amemkabili, midomo ikienda polepole, na mikono ikisaidia pale midomo iliposhindwa. Kiganja kikishushwa chini maana yake ni kwamba sauti yako imepanda mno, Baba Adventina, unawatisha kuku. Vidole viwili shavuni maana yake ni usingizi. Muda si mrefu wakawa na lugha yao, nusu Kinyambo na nusu vidole.

Jirani yao Melkiory hakuipata lugha hiyo. Kabla ya ajali, Melkiory alikuwa rafiki wa Kahigi kuliko ndugu zake. Vibanja vyao vilipakana, na jioni, jua likishaegemea vilima vya upande wa Rwanda, alikuwa akija na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, wakakaa wakapiga soga hadi wake zao wachoke kuwaita. Baada ya ajali alikuja mara chache. Alikaa kwenye kiti chake kilekile, akapaza sauti, akarudia, akapaza zaidi, mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akatazama miguu yake. Mwishowe akawa akipita njiani anainua mkono tu, na kuharakisha kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kahigi naye aliinua mkono. Kila jioni kiti cha Melkiory kilitolewa nje, na kila jioni kilirudishwa ndani.

Mgodi haukumfukuza. Mkubwa wa pale alimpa kazi ambayo haikuhitaji masikio: kutunza uwanja wa gofu.

Uwanja wenyewe ulikuwa juu ya mgongo wa kilima, mbali na mashine. Wazungu wa mgodini walikuwa wamefyeka majani marefu na kufanya njia pana, na mwishoni mwa kila njia kulikuwa na duara la mchanga lenye shimo dogo katikati. Nchi nyingine, ilisemekana, duara hilo huwa la majani mafupi laini. Pale kwao majani ya namna hiyo hayakustahimili kiangazi, kwa hiyo waliweka mchanga, wakauchanganya na oili chafu ya mashine ili upepo usiupeperushe. Kazi ya Kahigi ilikuwa kuburuta ubao uliofungwa gunia, akizunguka kuanzia shimoni kuelekea nje, mpaka alama zote za viatu na ndege zifutike.

Alfajiri ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bonde la Kagera, ukajaza mabonde yote, ukabakiza vichwa vya vilima tu. Kahigi alikuwa akifika amelowa umande hadi magotini, akalikuta duara linaelea kwenye weupe, jeusi, la mviringo, kama mboni ya jicho la kitu kikubwa kilicholala. Alianza kuzunguka na gunia lake. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nyayo zake mwenyewe zikifutwa nyuma yake, hata mwisho ukifika hapakuwa na dalili kwamba mtu yeyote aliwahi kupita mahali pale. Alipenda kusimama pembeni na kutazama. Kulikuwa na asubuhi alizojiuliza kama na yeye yupo.

Siku moja akiwa amesimama hivyo, alimwona Mzungu mmoja mzee akija peke yake kutoka kwenye ukungu, fimbo moja begani. Huyu alikuwa fundi wa mashine, mtu mwembamba mwenye mabega yaliyoshuka. Watu walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo la Kiswahili ndilo alilolipenda kuliko yote. Alilitumia kwa kila kitu: kuamkia, kuagiza, kukataa na kushukuru. Aliinua kofia, akaweka kipira cheupe juu ya mchanga, akalitazama shimo, akakitazama kipira, na kwa fimbo yake fupi akakisukuma.

Hapo ndipo jambo lilipotokea. Kile kipira kiliondoka bila haraka yoyote. Kilikwenda mbele, kikaanza kupinda kushoto kana kwamba kimekumbuka kitu, kikapunguza mwendo, kikafika ukingoni mwa shimo kimechoka kabisa, kikaanguka. Kahigi alikuwa pekupeku. Mguso wa kipira ndani ya kopo la bati ulipita ardhini ukampanda nyayoni: *ko*. Mdogo, mzima, wazi. Ndipo akatambua kwamba kwa muda wote kipira kilipokuwa safarini, nyuki wake walikuwa wamenyamaza.

Walirudi mara moja. Lakini walikuwa wamenyamaza.

"Tena," Kahigi akasema, na kwa jinsi mzee alivyoshtuka akajua kwamba amepiga kelele. "Tafadhali, bwana. Tena."

Bwana Taratibu hakuuliza sababu. Alimpa fimbo.

Mara ya kwanza Kahigi alikipiga kipira kama mtu anayegonga tindo. Kikaruka duara lote, kikapotelea majanini. Mzee akacheka, mabega yakimtikisika, akamfuata kwa nyuma akamlegeza vidole kimoja kimoja, mpaka fimbo ikakaa mikononi kama yai lililochukuliwa chini ya kuku anayeatamia. Akamwonyesha kwamba mikono isifanye kazi peke yake. Mabega ndiyo yaende, yarudi, yaende, mfano wa kamba ya kengele ya kanisani. Na Kahigi alipoinua uso haraka kuangalia kipira kimeenda wapi, kama kila mtu anavyofanya, mzee aliweka kiganja chake utosini pa Kahigi na kukikandamiza chini, kwa upole. Tulia. Usikimbilie kuona. Kipira kitafika na wewe ukiwa bado unatazama mahali kilipotoka.

Hawakuwa na lugha ya pamoja hata kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu ajali hilo halikumsumbua Kahigi, kwa kuwa mwenzake naye hakuwa nayo. Asubuhi nyingi walikutana hivyo kabla ya king'ora cha mashine. Mzee alimfundisha kuchuchumaa nyuma ya kipira na kuusoma mteremko. Kahigi, aliyekuwa amechimba mifereji ya maji tangu utotoni, alianza kuuona mchanga kama mtu anayejiuliza: hapa ningemwaga maji, yangependa kwenda wapi? Alijifunza pia kwamba kosa lake kubwa lilikuwa hamu. Kipira kinachosukumwa kwa hamu hufika shimoni na nguvu zake zote na kulipita. Kinachotakiwa ni kukiagiza kwa kiasi, kifike kimechoka, kikitafuta mahali pa kulala.

Kabla mwaka haujaisha, Bwana Taratibu alimletea kichwa cha fimbo iliyovunjika, kipande cha chuma kilichopauka, akakiweka mkononi mwake. "Taratibu," akasema. Kahigi aliweza kulisoma neno hilo midomoni mwake hata akiwa mbali.

Alikata kijiti kinyoofu cha mshambya, mti ambao watu wa kule hujengea nguzo, akakikausha juu ya moshi, akakichonga, akakitia kwenye kile chuma kwa gundi ya utomvu na kamba ya ngozi. Vipira aliviokota kwenye majani yaliyoungua baada ya kiangazi. Vilikuwa vyeusi upande mmoja, lakini vilibingirika. Kisha akachagua sehemu ya uani, baina ya nyumba na migomba, akaifuta, akaikandika kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe kama sakafu. Akabeba mchanga kutoka kijitoni kikapu kwa kikapu. Akabeba oili nyeusi iliyomwagwa nyuma ya jumba la mashine, kibuyu kwa kibuyu. Mwisho akatoboa tundu chini ya kopo la maziwa ya unga, akalizika katikati mpaka mdomo wake ukalingana na ardhi.

Stephania alimtazama kwa siku kadhaa akiwa amesimama mlangoni. Asubuhi moja alitoka kufagia, akauweka ufagio chini, akamnyang'anya fimbo. Hakuchuchumaa, hakupima. Alikisukuma kipira kama anavyosukuma mlango wa zizi, na kipira kikaenda moja kwa moja kikazama.

Kahigi aliona mkono wa mkewe ukiruka kuziba mdomo, na macho yake yakifinyika, na shingo ikirudi nyuma. Anacheka. Alikuwa amesahau jinsi kicheko chake kinavyoonekana. Zamani alikuwa akikisikia tu kutoka jikoni. Akasimama pale akikitazama kile kicheko mpaka kikaisha.

Basi wakawa wanacheza kila asubuhi na kila jioni. Wakakubaliana kwamba akishindwa Stephania atachota maji bila kununa, na akishindwa Kahigi atamenya ndizi. Na Kahigi alishindwa mara nyingi. Alikuwa na ufundi, lakini mke wake alikuwa na kitu kingine, namna ya kutojali ambayo kipira kiliipenda. Jirani akipita njiani angemwona mwanaume mzima, mchimbaji wa mgodini, ameketi juu ya kigoda mbele ya nyumba yake akimenya ndizi za chakula cha jioni, huku mkewe akitembea taratibu kwenye duara jeusi, jicho moja amelifumba.

Sasa hapa kuna mambo ambayo Kahigi hakuyasikia, na yalisemwa umbali wa mita chache tu kutoka ua wake.

Mwaka ule kahawa ya Melkiory ilipukutika ikiwa mbichi. Asubuhi alikuta punje zimetapakaa chini ya miti, kijani kibichi, na matawi yamebaki matupu. Mkewe Xaveria akasema ni wadudu. Lakini Melkiory alikuwa ameshatazama upande wa pili wa ua, akamwona rafiki yake wa zamani alfajiri, pekupeku, akizunguka duara jeusi na kufuta nyayo zake mwenyewe, kisha akipiga magoti na kuingiza mkono kwenye shimo. Mtu akikwepa kumtembelea mwenzake, moyo hutafuta sababu, na Melkiory alikuwa akiitafuta yake kwa muda mrefu.

Maneno yakaanza kisimani. Kwamba Kahigi amezika kopo. Kwamba analimwagia kitu cheusi. Kwamba mlipuko wa mgodini ulipaswa kumuua, na haukumuua. Je, kwa nini? Wengine walisema mchawi ni mke, na ushahidi ni ndizi: mwanaume gani mwenye akili zake humenya ndizi kila siku na uso umejaa furaha? Maneno yakapita nyumba hadi nyumba yakazidi kunenepa. Yalipofika kwa Stephania, kupitia mwanamke mmoja aliyejifanya amekuja kuomba moto, yalikuwa yameshakuwa na mifupa ya mtoto ndani ya kopo.

Stephania alirudi jikoni akakaa. Angeweza kumwambia mumewe. Mikono anayo. Lakini alijaribu kufikiri neno hilo lingekuwaje kwenye vidole, angefanya ishara gani, na uso wa Kahigi ungekuwaje wakati anaisoma, na mikono yake ikakataa. Kupitia dirishani alimwona amesimama mbele ya kipira, kichwa kimetulia, ukungu ukitambaa baina ya migomba nyuma yake. Alikuwa na amani kama mtu anayeota. Akaamua kulibeba neno lile peke yake. Lilikuwa zito. Usiku alikuwa akilisikia kwa niaba ya watu wawili.

Jumapili moja, baada ya sala, walikuja.

Kahigi alikuwa anaburuta gunia. Alimwona kwanza mkewe: amesimama mlangoni wima, kisu cha ndizi mkononi, uso umekauka. Akageuka kutazama anachokitazama. Wanaume walikuwa wakiingia kupitia mwanya wa ua. Mbele kabisa alikuwa Melkiory, amevaa kanzu yake ya kanisani. Nyuma yake alikuwa mwalimu Cassian, katekista wa kigango, mtu mpole mwenye koti lililompwaya, na wengine wachache wa kijiji, mmoja wao amebeba jembe.

Jembe Kahigi hakulijali. Alimwona Melkiory tu, amekanyaga uani kwake, miguu yote miwili, baada ya muda ule wote. Gunia likamponyoka.

"Melkiory!" akasema, kwa sauti iliyowarusha kuku. "Mama Adventina, sikukwambia atakuja? Toa kiti. Toa kiti chake!"

Melkiory alifungua mdomo. Alichosema, kama Stephania alivyomsimulia mumewe baadaye neno kwa neno, ni hiki: "Kahigi, tumekuja kwa jambo zito." Kahigi aliona tu midomo ikicheza. Akaenda akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyazuia, akamvuta kuelekea kwenye duara.

"Ulikuwa unatazama kutoka kule," alisema. "Nilikuwa nakuona. Nikasema, aone haya mpaka imwishe, siku moja atakuja acheze."

Wanaume wakatazamana. Mwalimu Cassian akakohoa. Aliyebeba jembe akasema kwa nguvu, "Mwambie alichimbue!"

Melkiory, akiwa bado ameshikwa mkono, alinyooshea kidole shimo, kisha akafanya kwa mkono ule mwingine ishara ya kuchimba.

"Ah!" Uso wa Kahigi ukang'aa. "Unataka kuona lilivyokaa!"

Alipiga magoti papo hapo, akaingiza vidole, akalitoa kopo ardhini kwa uangalifu, akaligeuza juu chini mbele yao. Yakadondoka matone ya maji, na mbawakavu mmoja aliyesimama, akajitikisa, akaenda zake. "Nimelitoboa hapa, maji ya mvua yasituame," alieleza, na kumpa mwalimu Cassian. Cassian akalichungulia. Akatia mkono, akapapasa kote, akautoa na kunusa vidole. Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Maziwa," alisema. "Ya zamani."

"Na hayo mafuta meusi?" mwenye jembe akauliza.

Stephania alishuka kizingiti. Alijibu kwa sauti ya chini, lakini kila mtu aliisikia. "Ni ya mashine. Yamemwagwa nyuma ya jumba kule mgodini. Mbuzi wako wewe mwenyewe aligaagaa humo akarudi mweusi, mkamwosha siku nzima. Au umesahau, kaka?"

Mtu akacheka kwa pua. Mwenye jembe hakukubali. "Na ndizi je? Mwanaume mzima kumenya ndizi?"

"Akishindwa, humenya. Nikishindwa mimi, nachota maji."

Mwalimu Cassian alimtazama kwa hamu ya kweli. "Na nani hushinda, Ma Stephania?"

"Mimi, mwalimu. Siku nyingi."

Sasa walicheka wengi, na mwenye jembe akalishusha begani akaliegemea. Melkiory peke yake hakucheka. Kahigi alikuwa ameshalirudisha kopo mahali pake na kulainisha mchanga kulizunguka, na sasa alikuwa amemsimamisha Melkiory mbele ya kipira, fimbo mikononi, akimlegeza vidole kimoja kimoja. Kisha akaweka kiganja utosini pake.

Kwa watu wa kule, mtu mzima haguswi utosini ila na baba yake, siku ya kubarikiwa. Melkiory angeweza kuutupa ule mkono. Hakuutupa. Alisimama na kichwa chake kimeinamishwa chini ya kiganja cha mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekuja kumshitaki. Stephania aliyaona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Akasukuma. Kipira kikaenda, kikapinda, wale wanaume wakapinda nacho kiunoni bila kujijua, na kikasimama hatua fupi kabla ya shimo.

Melkiory akageuka akamkabili Kahigi, akasema neno moja, polepole, na Kahigi akalisoma lote midomoni mwake, neno la kwanza la rafiki yake kulipata tangu siku ya baruti: tena.

Walicheza mpaka vivuli vya migomba vikalifunika duara. Stephania alitoa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, kama inavyopasa wageni, na rubisi ikapatikana. Mwalimu Cassian alivua koti. Ilibainika kwamba yule mwenye jembe ana mkono mzuri sana, na tangu hapo hakuwa anapita njia ile bila kusimama.

Walipoondoka, Stephania alimketisha mumewe mbele ya moto na kumweleza yote. Ilichukua muda. Pale vidole vilipokataa alitumia midomo, na midomo ilipotetemeka alirudia vidole. Kahigi alimfuatilia bila kukatiza.

"Na aliyeanza ni Melkiory?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kahigi aliutazama moto. Nyuki walikuwa wanavuma. "Ungeniambia mapema," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo safari hii ilikuwa ndogo mno, "leo asubuhi ningemngoja na panga."

"Ndiyo maana," Stephania akasema.

Usingizi hakuupata haraka. Lakini kulipokucha alivuka ua, akaenda moja kwa moja kwenye kahawa ya Melkiory, akamkuta mwenyewe amesimama katikati ya miti mitupu. Hawakuzungumza habari za jana. Kahigi aligeuza majani, akakwaruza magome, akatikisa kichwa. Hakujua, na Melkiory naye hakujua. Wakachukua misumeno, wakaikata miti ile mpaka karibu na ardhi, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakaacha visiki. Mvua za masika zilipofika visiki vikachipua. Si vyote, lakini vilitosha.

Miaka ikapita kama ukungu unavyopita, bila mtu kuona ukianza kuondoka. Bwana Taratibu alirudi kwao akiwa ameshakongoka, na siku ya kuondoka alisimamisha gari njiani, akashuka, akainua kofia kwa Kahigi, akapanda tena. Bati la kilima kile likapungua, mashine zikahamishwa, na majani yakaumeza uwanja wa gofu duara baada ya duara, mpaka ng'ombe wakawa wanalala pale ambapo Kahigi alikuwa akifuta nyayo zake. Duara la uani lilibaki. Kahigi akazeeka nalo. Mkono wake uliendelea kupata utulivu ambao ujana haukuujua, na kuna siku ambazo alisukuma vipira vyote alivyokuwa navyo vikazama kimoja baada ya kingine, naye asishangae. Nyuki hawakuondoka kamwe. Alizoea tu kuwapa likizo.

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba, Kahigi aliamshwa na mkewe kwa kushikwa bega. Alitoka nje akiwa na shuka. Senene walikuwa wameanguka. Wale panzi wa msimu, kijani na kahawia, walikuwa kila mahali: juu ya migomba, juu ya paa, juu ya mchanga mweusi ambao haukuonekana tena, na hewani bado walikuwa wakishuka, mbawa zao zikinasa mwanga wa kwanza wa jua. Kijiji kizima kilikuwa nje. Watu walikimbia na vikapu, na vibuyu, na nguo zilizokunjwa, midomo yote wazi, na Kahigi alijua ni kelele za namna gani.

Melkiory alikuja kutoka kwenye ukungu, mvi zake zimejaa senene. Alisimama ubavuni pa Kahigi, akamwekea mkono begani, akanyoosha kidole juu, na wote wawili wakainua nyuso kuangalia.